Sauti ya Mpiga Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la Kemia. Kurasa za mbele zina majibu ya maswali ambayo hakuna atakayeniuliza tena, kwa hiyo nimezichana, na zilizobaki ni zangu. Nimemaliza shule, matokeo bado, na kwa sasa mimi ni karani wa Mjomba.

Kazi yenyewe ni hii. Mjomba, kaka yake Mama, ana ukumbi wa picha: mabenchi kumi na manne, kitambaa cheupe ukutani, projekta, na paa la mabati. Watu wa mtaa wetu hawafuati Kiingereza cha kwenye filamu, hivyo Mjomba hukaa pembeni na kipaza sauti akawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, kuanzia polisi hadi mtoto mchanga. Shida ni kwamba Kiingereza chake yeye mwenyewe kiliishia njiani. Mimi ndiye ninayekaa na filamu siku nne nzima, naisimamisha, nairudisha nyuma, naandika kila kinachosemwa. Yeye anasoma. Watu wanampigia makofi.

Makofi si neno. Lakini wiki iliyopita wanawake wa benchi la mbele walilalamika. Mmoja alimwambia, "Kaka, bibi harusi wako ana sauti ya dereva wa lori." Ukumbi mzima ukacheka. Mjomba amesema picha ijayo atamweka msichana aseme sehemu za wanawake. Aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi. Nina hakika alikuwa ananitazama mimi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua tangu asubuhi. Filamu mpya imefika na nimeitazama yote bila kuandika hata neno.

Mwanamume ni mwendesha treni aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya pombe. Mwanamke anapiga pasi mashuka ya hoteli. Wanaishi chumba kimoja juu ya duka. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mwanamke anachora mstari wa penseli kwenye karatasi ya chupa, pale pombe ilipofikia. Akitoka, mwanamume anakunywa, kisha anajaza maji mpaka kwenye mstari. Mwanamke anajua. Mwanamume anajua kwamba anajua. Kesho yake anachora tena.

Nililia hadi Mama akaacha cherehani yake akaja kuuliza nani amekufa.

Nafikiri haya ndiyo mapenzi makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona: kuujua uongo na kuuvumilia kila asubuhi. Nataka kumsemea yule mwanamke. Sijawahi kutaka kitu kiasi hiki, na sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya mazoezi bafuni, bomba likiwa wazi ili nisisikike. Mama kaniuliza nagombana na nani.

Jumamosi, 8 Machi

Leo amekuja Kengele, binti wa mama mdogo. Kwa hiyo ni dada yangu, na amenizidi mwaka mmoja. Jina hilo alipewa akiwa mtoto, maana akiita mtu, mtaa wa pili wanageuka. Amekuja na begi moja na mto wa kulalia.

"Atakaakaa hapa," Mama alisema. "Amekuja kubadilisha hewa."

Kwao ni vituo vitatu kutoka hapa. Hewa ni hii hii.

Jumapili, 9 Machi

Analala upande wa ukutani. Ule ni upande wangu.

Jumanne, 11 Machi

Mama amempima gauni. Kitambaa ni kile cha buluu ambacho kimekuwa kabatini tangu Desemba, nami nilikuwa nakipitia kila siku nakigusa, nikingoja Mama aone kwamba nakigusa.

"Wewe una magauni," alisema.

Ninayo mawili.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Mjomba aliniita ukumbini saa tisa. Mvua ilikuwa inapiga mabati kama watu wanaomwaga kokoto. Alikwenda kusimama benchi la mwisho akasema, "Haya, Karani. Ukurasa wa kwanza, mwanamke anarudi kutoka kazini. Soma nikusikie."

Nilisoma. Nilisoma kama nilivyosoma bafuni, kwa moyo wote. Nilipofika katikati ya ukurasa, Mjomba akaweka mkono sikioni.

"Umeanza?" akauliza.

Nikarudia. Akasogea mabenchi mawili mbele, kisha manne, na bado mkono uko sikioni. Mwisho alikuwa amesimama mbele yangu kama daktari.

Hapo ndipo Kengele akaingia na mwavuli. Mama alimtuma aniletee. Hakuja kwa ajili ya kitu kingine, hilo nalikubali.

"Na wewe jaribu," Mjomba akamwambia. "Si umesimama tu unatudondoshea maji."

"Mimi? Mimi nimeacha shule kidato cha pili, Mjomba."

"Sijakuuliza cheti. Soma."

Akafuta mikono kwenye sketi, akachukua daftari langu la filamu, akasoma mwandiko wangu. Mjomba alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akagusa ukuta wa mwisho. Hakuweka mkono sikioni. Mvua ilikuwa ile ile. Yule mwanamke alikuwa amerudi kutoka kazini, kila mtu angemsikia, na alikuwa na sauti ya Kengele.

"Karani, usinune," Mjomba alisema tulipokuwa tunafunga mlango. "Yeye ana koo, wewe una kalamu. Mnakamilishana."

Tulirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Nilihakikisha bega langu linalowa, ili nipate kitu cha kulalamikia.

Ijumaa, 14 Machi

Sina la kuandika.

Jumatatu, 17 Machi

Mazoezi. Kengele hafuati Kiingereza cha filamu hata kidogo. Kila neno analosema limetoka kwangu kwanza. Nilidhani hilo lingenifariji.

Leo kulikuwa na mahali mwanamke anaambiwa na mumewe kwamba atachelewa, naye anajibu, "Nitakungoja." Kengele aliisema kama mtu anayeweka chini ndoo.

"Iseme kwa mapenzi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anampenda."

"Najua anampenda. Lakini amesimama kwenye pasi tangu alfajiri. Miguu yake je?"

"Filamu haihusu miguu."

"Basi huyo mwigizaji mbona amevua viatu?"

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Mwache hivyo hivyo," alisema.

Kisha tukafika pale mwanamume anapojaza maji kwenye chupa. Nilikuwa nimeandika pembeni, kwa ajili ya Mjomba: *anaona haya*. Kengele alitazama akatikisa kichwa. "Haoni haya huyo. Anasikiliza kama kuna mtu anapanda ngazi."

Niliirudisha nyuma. Ni kweli. Kichwa chake kimeinama kidogo kuelekea mlangoni. Nimeitazama sehemu ile labda mara ishirini, na nina macho mawili kama yeye.

Nilimchukia kwa jambo hilo kuliko kwa kitambaa cha buluu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mama amemsuka nywele.

Alhamisi, 20 Machi

Tumefika sehemu ya mwisho. Mjomba ana desturi yake ambayo haivunji: sehemu ya mwisho haifanyiwi mazoezi. Anasema ukililia jambo mara tano, mara ya sita unajifanya. Kwa hiyo anayesoma hukutana na maneno ya mwisho siku yenyewe, mbele ya watu, palepale kwenye daftari.

Kengele alitolewa nje tukabaki mimi na Mjomba. Mwisho wenyewe ni huu. Mwanamke amepanda treni, anaondoka moja kwa moja. Mwanamume anafika stesheni. Siku tatu hajanywa. Amevaa shati jeupe lenye mikunjo, kola imekunjika upande mmoja. Wanatazamana dirishani. Mwanamke anasema sentensi moja tu, treni inaondoka, na baadaye tunaambiwa mwanamume alikufa kabla mwaka haujaisha.

"Anasema nini hapo?" Mjomba akauliza.

"Anasema, 'Umepiga pasi mwenyewe.'"

"Kisha?"

"Basi."

Mjomba alinitazama kama nimemwibia. "Watu wametembea kwenye matope, wamekaa saa mbili, halafu niwape habari za pasi? Andika kitu, Karani. Kitu kizito. Kitu kitakachowavunja."

Nikasema nitajaribu. Nikafurahi, kusema kweli. Mwisho ungekuwa wangu, hata kama koo si langu.

Jumapili, 23 Machi

Mama mdogo alikuja mchana, Kengele akiwa ameenda kufagia ukumbi. Nilikuwa nyuma ya pazia nakunja nguo za wateja wa Mama. Walijua niko pale, lakini mimi ni mtu ambaye watu husahau yuko pale.

Nimejua sasa habari ya hewa. Baba mdogo anakunywa. Sikuwa najua, nilijua ni mtu mchangamfu anayekuja na zawadi na kuondoka mapema.

"Ameacha, dada. Wiki mbili hajaonja," mama mdogo alisema. "Nataka nije nimchukue mtoto."

"Alishawahi kuacha wiki mbili," Mama akasema.

"Safari hii ameapa."

Mama akakanyaga cherehani kidogo, akaacha. "Na mtoto anasema nini?"

Mama mdogo akaanza kulia polepole. "Yule mtoto anamvua baba yake viatu sakafuni tangu ana miaka saba. Anavipanga chini ya kitanda, anamfunika, halafu anakuja kulala kama hakuna kitu. Na asubuhi baba mtu anauliza nani kaficha viatu. Mimi nasikia yote. Nimelala pale nasikia."

Nimejiahidi kuandika ukweli humu, basi ukweli ndio huu: nilimwonea huruma kwa muda wa kukunja shati moja. Halafu nikawaza, atarudi kwao, nami nitapata upande wangu wa kitanda.

Jumatano, 26 Machi

Nimeandika mwisho. Pale dirishani mwanamke atasema: "Nimekuvua viatu sakafuni, nikavipanga, nikakufunika. Na asubuhi unauliza nani kaficha viatu."

Ni sentensi nzuri. Mjomba hajaiona, kwa desturi yake naye husubiri siku yenyewe. Nimejiambia kwamba ni kwa ajili ya watazamaji. Nimejiambia hivyo mara tatu, na mara ya tatu niliitamka kwa sauti.

Jumamosi, 29 Machi

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa watatu kwenye nafasi ya wawili. Miavuli ilirundikwa mlangoni. Mvua ilikuwa kubwa, na nilitumaini, sitaficha, kwamba ingemshinda.

Haikumshinda. Kengele alikaa pembeni ya Mjomba katika gauni la buluu, daftari langu magotini, taa ndogo juu yake. Alipotamka neno la kwanza, mwanamke mmoja wa benchi la mbele akasema, "Eeh, huyu sasa ndiye," na jirani yake akamwambia, "Nyamaza tumsikie." Walimsikia. Mwanamke alipochora mstari kwenye chupa, Kengele hakusema chochote, maana hakuna maneno pale, lakini aliachia pumzi kwenye kipaza sauti, na nikaona mzee mmoja anavua kofia na kuishika.

Nilikuwa nimesimama karibu na projekta. Kila walipotikisa vichwa, nilihisi kama wananichukulia kitu mfukoni. Maneno ni yangu, nilitaka kusema. Hilo alilosema sasa hivi, nililiandika mimi Jumanne, nikafuta, nikaliandika tena.

Treni ikafika. Mwanamume akaja na shati lake. Mwanamke akafungua mdomo dirishani.

"Nimekuvua viatu sakafuni," Kengele akasoma. "Nikavi..."

Akanyamaza.

Kwenye kitambaa midomo ya mwanamke iliendelea kutembea, kisha ikafunga. Mvua tu juu ya mabati. Mjomba alimtazama, hakumgusa. Kengele alikuwa bado anatazama daftari. Akalifunga taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala, akaweka kipaza sauti juu yake, akasimama, akapita kati ya mabenchi na kutoka mlangoni bila mwavuli. Wakati huohuo treni ikaanza kuondoka.

Kwanza hakuna aliyepumua. Halafu mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti, na wengine wakamfuata, na taa zilipowaka watu walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu. Walidhani ndivyo ilivyopangwa. Walidhani mwanamke ameshindwa kusema, ameondoka.

"Karani," Mjomba alisema akiwa amenishika mabega mbele ya watu, "hiyo ya kukata maneno katikati na kumtoa nje, uliitoa wapi? Miaka yote hii sijawahi kuona kitu kama hicho. Jamani, huyu hapa ndiye mwandishi."

Watu walinigeukia. Mzee wa kofia alinipa mkono. Mmoja akaniletea soda.

Niliinywa yote.

Jumapili, 30 Machi

Kengele alikuwa nyumbani nilipofika jana, amekaa jikoni na taulo mabegani. Mama alikuwa bado na wateja. Nilikuwa nimejiandalia maneno yote njiani. Hakuyahitaji.

"Ulisikia wapi?" akauliza.

"Kwa mama yako. Jumapili ile. Nilikuwa nyuma ya pazia."

Nilingoja anipige. Ningependa angenipiga.

"Mama yangu anajua habari ya viatu?" akasema.

"Alisema husikia yote. Alisema amelala pale anasikia."

Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye nywele alizosukwa na Mama.

"Nilikuwa natembea bila viatu ili Mama asiamke," alisema. "Miaka yote hiyo. Nilikuwa naushika mlango usilie. Nilidhani namficha."

Nikasema nisamehe. Nilisema kwa sauti yangu ile, na sijui kama ilifika.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemwambia Mjomba yote. Alikuwa anafuta projekta, akaendelea kufuta mahali pamoja. "Kwa hiyo tulipigiwa makofi kwa ajili ya hilo," akasema. Hakuniita Karani.

Jumatano, 2 Aprili

Kengele amehamisha mto wake. Analala sakafuni. Upande wa ukutani uko wazi, nami silali pale.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Hasemi nami.

Nimeitazama tena ile filamu, peke yangu. Ile penseli si mapenzi. Au ni mapenzi, lakini nilikuwa nimekosea yanafananaje. Yule mwanamke hachori mstari ili kumvumilia. Anachora kwa sababu asubuhi mtu lazima ashike kitu mkononi, kabla ya kutoka.

Jumapili, 6 Aprili

Mama mdogo alikuja kumchukua. Alikuwa amevaa vizuri, amechangamka. Wiki nne sasa, alisema, mumewe hajaonja. Ameanza hata kuuliza kimepikwa chakula gani.

"Chukua begi lako, mwanangu. Umekaa vya kutosha kwa watu."

"Si watu," Mama akasema. "Ni kwao."

Kengele alikuwa mlangoni pa chumba chetu. "Mama, viatu ulikuwa unajua?"

Mama mdogo akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Nilidhani angekana. Hakukana.

"Ningefanya nini?" akasema.

"Ungevivua wewe."

Hakuna aliyesogea. Mama mdogo alifungua mkoba wake, akaufunga. Halafu, kwa sauti ya mtu anayetaka tu siku iendelee, akaniambia mimi, "Mwanangu, hebu mletee dada yako begi lake."

Begi lilikuwa karibu na mguu wangu. Kwa wiki nne nilikuwa nimeliangalia kila asubuhi nikitamani liondoke. Nikaketi juu yake.

Sijui kwa nini sikusema neno. Watu wengine wangesema. Mimi nilikaa tu, magoti pamoja, kama mtu anayengoja basi, na mama mdogo akasema, "Hee, huyu naye," na Mama akasema, "Mwache. Mtoto atabaki hapa. Mumeo akimaliza mwaka, tutazungumza."

Mama mdogo aliondoka analia. Kengele alimsindikiza hadi barabarani, maana bado ni mama yake. Nilibaki juu ya begi mpaka aliporudi.

"Ondoka, utavunja kioo changu," akaniambia. Ni maneno ya kwanza tangu siku ile ya jikoni.

Kioo kilikuwa kimeshavunjika.

Jumamosi, 12 Aprili

Mjomba aliirudia picha ileile, watu waliiomba. Nilidhani Kengele angekataa. Alisema atasoma, ila kwanza nimwambie mwanamke anasema nini hasa pale dirishani, bila kuongeza kitu.

Nikamwambia.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Alifikiri. "Yeye ndiye mpiga pasi," akasema. "Ameona kola." Kisha akamgeukia Mjomba: "Nasema hiyo, au sisemi."

Aliisema leo. Haikuwa kwa huzuni wala kwa mapenzi, ilikuwa kama mtu anayeona jambo dogo na kulitaja. *Umepiga pasi mwenyewe.* Mwanamke mmoja alianza kucheka, akaacha katikati. Makofi yalikuwa machache, na watu waliondoka polepole bila kuzungumza, wengine wakisahau miavuli.

Nilikuwa nyuma kabisa. Wivu ulinijia kama kawaida, lakini safari hii sikujua niuelekeze wapi. Nilitamani niwe nimeisema mimi. Kile kilichomwezesha kuisema vile, sikitamani.

Jumatano, 16 Aprili

Mjomba ameleta filamu nyingine, ya askari. Ameniita Karani tena.

Jioni, kabla Mama hajawasha taa, Kengele alikuja akakaa kando yangu na penseli na daftari jipya.

"Nifundishe Kiingereza," alisema.

"Cha nini? Si nakuandikia."

"Ndiyo maana."

Sauti anayo, kitambaa cha buluu anacho, Mama anamsuka. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho yeye hana, na alikuwa amekinyooshea mkono, na hakuwa ananiomba radhi kwa hilo.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Tumesoma sentensi kumi. Anatamka vizuri kuliko mimi.